Kundi la Can la Ujerumani: msikilizaji mgeni aanzie wapi?

Msikilizaji anayelisikia jina la Can kwa mara ya kwanza na kulitafuta kwenye simu yake hupokewa na msitu. Zipo albamu 12 za studio zilizotoka kati ya mwaka 1969 na 1989, ukihesabu na ile iliyokusanya muziki wa filamu. Zipo kanda zilizolala ghalani miongo kadhaa kabla ya kuchapishwa. Na tangu mwaka 2021 zimekuwa zikitoka rekodi za maonyesho ya jukwaani, kila moja ikibeba jina la mji na mwaka, huku nyimbo zenyewe zikitajwa kwa tarakimu za Kijerumani tu: moja, mbili, tatu. Mgeni wa kawaida hubonyeza albamu inayosifiwa kuliko zote, akaangukia dakika 17 za mwangwi na sauti za mtu anayenguruma kama yumo pangoni. Kifurushi cha intaneti kinakwisha, naye haonekani tena.

Hasara hiyo inaepukika, kwa kuwa muziki huu una mlango ulio wazi. Tatizo ni kwamba mlango huo haupo mwanzoni mwa orodha, wala haupo pale vitabu vya historia ya muziki wa roki vinapoelekeza.

Kwanza tuwatambue wenyewe. Can lilianzishwa mjini Köln, Ujerumani Magharibi, mwaka 1968. Mpiga kinanda Irmin Schmidt alikuwa amesomea piano na uongozaji wa okestra. Holger Czukay, aliyeshika gitaa la besi, alikuwa mwanafunzi wa mtunzi Karlheinz Stockhausen, kama Schmidt mwenyewe alivyokuwa. Mpiga ngoma Jaki Liebezeit alitoka katika jazi huru, ile isiyofuata mdundo wala wimbo. Mdogo wao wote alikuwa mpiga gitaa Michael Karoli, kijana aliyefundishwa muziki na Czukay na ambaye naye alimfundisha mwalimu wake kuisikiliza roki. Schmidt na Czukay walikuwa tayari wamevuka miaka ya ujana ambayo watu wengi huanzishia bendi. Walikuwa watu wasomi walioamua kuyaacha makaratasi ya noti, wakaketi pamoja chumbani na kupiga bila kuandika kitu.

Hapo ndipo neno «majaribio», ambalo sisi watafsiri wa chumba cha habari hulitumia kwa kukosa jingine, linapoweza kumpotosha msomaji. Linaleta picha ya maabara na kelele zisizo na mpango. Katika Can jaribio lilikuwa moja na la wazi: watu wanne au watano wapige kitu kimoja kwa muda mrefu sana, bila kiongozi, kanda ikiwa inazunguka, kisha Czukay achukue wembe, akate utepe, aunganishe vipande, na wimbo uzaliwe mezani. Liebezeit alipenda kueleza kwamba, enzi zake za jazi huru, mtu asiyemfahamu alimwendea baada ya onyesho na kumwambia kwamba alipaswa kupiga kwa namna isiyobadilikabadilika. Alilishika neno hilo maisha yake yote. Mdundo wake hurudi, ukarudi tena, na kila unaporudi kuna jambo dogo limesogea. Kwa sikio lililolelewa na sebene, ambamo gitaa hurudia sentensi moja mpaka wachezaji wasahau saa, hilo si jambo geni hata kidogo. Tena naamini kwamba msikilizaji wa kwetu analikaribia Can akiwa na mtaji ambao kijana wa Ulaya wa mwaka 1971 hakuwa nao.

Basi mlango ni albamu ya Ege Bamyasi ya mwaka 1972. Jalada lake lina picha ya kopo la mboga, na jina lake ni la Kituruki: bamia ya Aegean. Neno ni lile lile tulilonalo sisi sokoni, lililosafiri njia mbili tofauti na kukutana kwenye jalada la santuri ya Wajerumani. Jina la kundi lenyewe linacheza mchezo huo huo, kwani kwa Kiingereza «can» ni kopo na pia ni kuweza, na kwa Kituruki, ingawa hutamkwa vingine, ni uhai au roho.

Albamu nzima ni ya dakika 40 hivi. Usianze na wimbo wake wa kwanza, Pinch, ambao ni mzuri lakini una dakika tisa na mikunjo mingi. Anza na Vitamin C. Ni wimbo wa dakika tatu na nusu. Ngoma inaanza peke yake, kavu, yenye mikato kama ya fundi anayejua pa kupiga nyundo. Besi inaingia na noti chache tu. Juu yao sauti nyembamba inapanda ghafla na kulalamika. Ukiupenda wimbo huo umekwisha kuingia. Ukiwa hukuupenda, jaribu I'm So Green, ulio mwepesi zaidi, kisha Spoon, na baada ya hapo unaweza kuliacha kundi hili kwa amani ukijua kwamba umelisikia katika siku zake za ukarimu.

Spoon una kisa chake. Ulitungwa kwa ajili ya tamthilia ya upelelezi ya televisheni ya umma ya Ujerumani Magharibi, iliyoitwa Das Messer, yaani Kisu, iliyoonyeshwa mwaka 1971. Kisu kikazaa Kijiko. Wimbo ulipanda hadi nafasi ya sita katika chati za Ujerumani, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa kundi la aina hii, na katika shangwe hiyo Can likawapa mashabiki wake onyesho la bure katika ukumbi wa michezo wa Köln mwezi Februari 1972. Ndani ya Spoon utasikia pia mashine ndogo ya mdundo ikitembea bega kwa bega na Liebezeit, miaka mingi kabla ya mashine kama hizo kuzoeleka katika muziki wa dansi. Uliingizwa katika Ege Bamyasi kwa sababu albamu ilikuwa haijajaa na muda ulikuwa umekwisha. Schmidt alisimulia kwamba wakati huo yeye na mwimbaji walikuwa wamezama katika mchezo wa sataranji usiku na mchana, huku wenzao wakikasirika.

Mwimbaji huyo alikuwa Damo Suzuki, Mjapani aliyezaliwa Kobe mwaka 1950. Czukay na Liebezeit walimwona mjini Munich mwezi Mei 1970, akipiga kelele na kuimba barabarani mbele ya mkahawa walimokuwa wameketi. Jioni hiyo hiyo akapanda nao jukwaani, bila mazoezi. Naomba msomaji anisikilize hapa, kwa kuwa ninaishi kwa kutafsiri. Nilipoanza kulisikiliza Can nilikaa na kalamu nikijaribu kuyaandika maneno ya Suzuki. Kiingereza kilikuwamo, Kijerumani kilikuwamo, Kijapani pia, na mengine hayakuwa ya lugha yoyote ya duniani. Nilirudia dakika moja mara kumi kabla ya kuiweka kalamu chini. Sauti yake ni ala, na maneno yake ni ala nyingine. Asiyejua Kiingereza hapungukiwi na kitu mbele ya anayekijua, na katika muziki wa roki hilo ni adimu.

Baada ya Ege Bamyasi, hatua inayofuata ni kwenda mbele mwaka mmoja tu, hadi Future Days ya 1973. Wengi hushauri kurudi nyuma kwanza. Mimi sikubaliani nao. Future Days ni albamu ya utulivu, ya upepo na maji. Wimbo wenye jina hilo unaingia polepole kama mashua inayokaribia gati gizani, na Suzuki anaimba kwa sauti ya chini hivi kwamba anakuwa sehemu ya ukungu. Upande wa pili wa santuri umejazwa na wimbo mmoja, Bel Air, wa dakika 20 hivi. Huo usikilize usiku, bila shughuli mkononi. Ukifika mwisho wake bila kuangalia saa, sikio lako limeshajifunza jinsi Can linavyotumia muda, na sasa unaweza kupelekwa popote.

Unaweza hata kupelekwa Tago Mago. Hii ndiyo albamu ya mwaka 1971 inayotajwa kila mahali, na ndiyo inayowafukuza wageni. Ina santuri mbili, iliyorekodiwa katika kasri la Nörvenich, karibu na Köln, ambako kundi lilipewa nafasi ya kufanyia kazi. Kosa ni kuisikiliza kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kweli ni nyumba mbili zilizounganishwa kwa ukuta. Santuri ya kwanza ina Paperhouse, Mushroom, Oh Yeah na Halleluhwah. Huo wa mwisho una dakika 18, na huenda ndio mdundo mkubwa kuliko yote aliyowahi kupiga Liebezeit: anapita humo akiubeba kama mchukuzi asiyetua mzigo, na kila mwenzake anakuja kuweka kitu juu na kukiondoa. Santuri ya pili ni habari nyingine. Czukay alikuwa na mazoea ya kuiacha kanda ikizunguka wenzake wakidhani wamo mapumzikoni, na sehemu ya yale aliyoyanasa ilitumika humo. Aumgn ndiyo zile dakika 17 za pangoni nilizozitaja mwanzoni. Sauti inayonguruma ni ya Schmidt. Peking O ni mashine ya mdundo iliyoshikwa na wazimu, na Suzuki akiwa nayo. Sikiliza santuri ya kwanza mara tatu au nne kwa juma zima kabla ya kuigusa ya pili. Na ukiona ya pili haikufai, huna deni na mtu.

Kabla ya Suzuki alikuwapo mwingine. Malcolm Mooney, msanii wa Kimarekani mweusi, mchongaji, ndiye aliyeifanya bendi ya wasomi iwe bendi ya roki. Alikuwa hajawahi kuwa mwimbaji wa kazi, na alirudia maneno yake kwa nguvu na kwa shauku mpaka wenzake walazimike kumfuata. Monster Movie ya mwaka 1969, iliyotolewa kwanza kwa nakala 500 tu, inafungwa na Yoo Doo Right, wimbo wa dakika 20 uliokatwa kutoka katika upigaji wa saa nyingi. Ni muziki mkali, wenye kutu, na ukija kwake baada ya Future Days utashangaa kwamba ni watu wale wale. Mooney aliugua nafsi na kurudi Marekani baada ya daktari kumshauri hivyo. Nyimbo zake nyingine zilichapishwa mwaka 1981 katika Delay 1968, ambayo ni kwa waliokwisha kumpenda. Katika Soundtracks ya mwaka 1970 yeye na Suzuki wanapishana mlangoni: She Brings the Rain ni wake Mooney, wimbo mtulivu wa mtindo wa jazi, na Mother Sky, wenye dakika 14, ni wa Suzuki. Ni albamu isiyo na umoja, lakini nyimbo hizo mbili hazistahili kukosekana.

Suzuki aliondoka mwaka 1973, akajiunga na Mashahidi wa Yehova na kuuacha muziki kwa miaka kadhaa. Kundi halikupata tena mwimbaji wa kudumu. Karoli na Schmidt wakaimba wenyewe. Soon Over Babaluma ya 1974 ni nzuri kuliko inavyotajwa, hasa Karoli anaposhika fidla, na ndiyo ya mwisho iliyorekodiwa kwa mashine ya njia mbili tu, katika jumba la zamani la sinema huko Weilerswist walilokuwa wameligeuza studio na kufunika kuta zake kwa magodoro ya jeshi. Kuanzia Landed ya mwaka 1975 walikuwa na mashine ya njia 16. Hapo kitu kikapotea. Zamani wote walilazimika kupiga pamoja na kusikilizana, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kurekebisha baadaye. Sasa kila mmoja aliweza kurekodi sehemu yake peke yake na kuondoka. Flow Motion ya mwaka 1976 iliwapa wimbo wa kuchezeka, I Want More, uliofika nafasi ya 26 Uingereza. Mengine humo yanaweza kusubiri.

Kufikia hapa miongozo mingi husimama na kusema kwamba yaliyofuata yaachwe. Mimi naomba albamu moja iokolewe, nayo ni Saw Delight ya mwaka 1977. Katika mwaka huo waliingia watu wawili waliokuwa wamepiga na kundi la Kiingereza la Traffic: Rosko Gee, mpiga besi kutoka Jamaika, na Rebop Kwaku Baah, mpiga ngoma za mkono aliyezaliwa Konongo, Ghana, mwaka 1944. Kwa miaka mingi Can lilikuwa na mfululizo wa vipande lililouita Mfululizo wa Ughushi wa Kietnolojia, ambamo waliiga muziki wa watu wa mbali, au wa mataifa ya kubuni, na kukiri ndani ya jina kwamba ni kughushi. Baadhi vimo katika Unlimited Edition ya mwaka 1976. Kukiri huko ni uungwana kuliko wengi walioiga bila kukiri. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuighushi ngoma ya Afrika studioni na kumkuta mwenye ngoma ameketi mbele yako. Rebop hakuja kuwa pambo. Alikuja na mdundo wake, na Liebezeit, aliyezoea kuwa moyo pekee wa kundi, sasa alikuwa na jirani.

Ndipo Czukay, aliyemwachia Gee gitaa la besi, akafanya jambo ambalo msikilizaji wa redio hawezi kulipuuza. Alipanda jukwaani na redio ya masafa mafupi. Katika ujana wake aliwahi kufanya kazi katika duka la redio, na sasa aliigeuza redio kuwa ala: alizungusha kitufe akitafuta vituo, akainasa sauti ya mtangazaji au mwimbaji wa nchi ya mbali, akaiingiza katika muziki palepale. Wenye umri wa kukumbuka jioni za kutafuta kituo kati ya mivumo na miluzi, mkono ukisogeza sindano kwa uzito wa unywele, watajua alichokuwa akikitafuta. Kipande cha kusikiliza ni Animal Waves, dakika 15, ambamo ngoma za Rebop zinaendesha na redio inasikika kama watu wanaopita dirishani. Wenzake hawakulipenda sana jaribio hilo. Czukay aliondoka mwaka huo huo, na miaka miwili baadaye, katika albamu yake mwenyewe iitwayo Movies, alitumia sauti za waimbaji wa Iran alizozinasa redioni, katika wimbo Persian Love. Ni mzuri kuliko chochote Can ilichotoa bila yeye.

Out of Reach ya mwaka 1978, iliyofanywa bila Czukay, ilikataliwa na kundi lenyewe, na kwa muda mrefu haikuwamo katika kazi walizozitoa upya. Baadhi ya wachambuzi humtupia lawama Rebop na Gee, wageni weusi waliofika mwishoni. Lawama hiyo haina uzito. Mteremko ulianza na mashine ya njia 16, kabla hawajafika, na chanzo cha ugomvi walikikuta nyumbani. Rebop alifariki Stockholm mwaka 1983, na hakuwahi kupewa nafasi ya kutosha ya kujieleza. Albamu ya 1979, yenye jina la kundi tu, na Rite Time ya 1989, ambayo Mooney alirudi kuimba, ni kwa mtu ambaye tayari hataki kukosa chochote.

Yabaki maonyesho ya jukwaani, na haya yamebadilisha hesabu yote. Sehemu kubwa ilinaswa na mashabiki waliokuwa ukumbini na vinasa sauti, kisha ikasafishwa chini ya usimamizi wa Schmidt. Ya kwanza kutoka ilikuwa ya Stuttgart 1975, mwaka 2021. Humo hakuna mwimbaji wala wembe. Kuna watu wanne tu, na kipande kimoja kinapita nusu saa. Aliyekwisha kupita Future Days aende moja kwa moja huko, kabla hata ya Landed. Paris 1973, iliyotoka Februari 2024, ni ya kwanza katika mfululizo huo yenye Suzuki. Yeye alifariki mwezi huo huo. Karoli alitangulia mwaka 2001, Liebezeit na Czukay wote wawili mwaka 2017. Mwenye kifurushi kidogo ashushe Ege Bamyasi na Future Days akiwa penye intaneti ya bure; zote mbili hazifiki dakika 85, na zinatosha kwa mwezi mzima. Studio ya Weilerswist yenyewe ilihamishwa, pamoja na magodoro yake, hadi katika jumba la makumbusho ya muziki wa roki mjini Gronau. Wakati wa kuihamisha ndipo zilipotoka kanda zilizochapishwa mwaka 2012 kwa jina la The Lost Tapes, santuri tatu za kompakti ambazo nimezibakiza makusudi ziwe za mwisho, kwa sababu humo Mooney na Suzuki wote wamo, na kila kipande kinakurudisha kwenye albamu fulani uliyodhani umeimaliza.